Skauti Gani Huyo?

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa mwindaji hodari sana. Nimewinda elki Montana, kulungu Texas, nguruwe mwitu Georgia, na mara moja, bosi alipotaka kitu cha kigeni kidogo, nikawinda swala Namibia. Nimekuwa na baba aliyenifundisha kulenga nikiwa na miaka tisa. Nimekuwa na pikapu yenye matope na goti bovu linalouma baridi ikiingia. Haya yote nimeyafanya nikiwa kwenye bedsita ya Ruring'u, hapa Nyeri, nimekaa juu ya godoro, laptopu juu ya mto, jirani akikaanga vitunguu upande wa pili wa ukuta. Bunduki sijawahi kushika. Iliyowahi kunikaribia zaidi ni ya askari wa benki pale mjini, na hata hiyo nikiipita huwa naangalia chini.

Kazi yenyewe mnaijua, maana nusu yenu mnaosoma hapa mmeifanya au mnaifanya. Kuandikia wazungu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu ya karo, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujifanya naelewa. Akaunti ninayoandikia si yangu. Mwenyewe yuko Thika, anakata asilimia thelathini kabla pesa haijafika M-Pesa yangu. Wenzangu waliangukia insha za wanafunzi wa Marekani, wengine makala za mapenzi, mmoja najua anaandika kuhusu chakula cha paka na hajawahi kumlisha paka kitu zaidi ya mabaki. Mimi niliangukia darubini za bunduki. Dola sita kwa maneno elfu moja. Na katika darubini hizo, iliyonilipia kodi ya nyumba miezi mingi ni moja: darubini ya skauti. Nimeiandikia makala kumi na tisa. Nimeisifu mara kumi na tisa.

Leo naandika ya ishirini, bila malipo, na hii ni ya kuipinga.

Kwanza nieleze ni kitu gani, kwa sababu hapa kwetu si wengi wana haja ya kujua. Nchi hii ilipiga marufuku uwindaji 1977, zaidi ya miaka ishirini kabla sijazaliwa. Darubini ya kawaida hukaa juu ya bunduki, karibu na uso wa mlengaji, kioo cha nyuma kikiwa sentimita nane au tisa hivi kutoka jichoni. Ya skauti inasogezwa mbele mpaka juu ya mtutu, sentimita 25 hivi kutoka jichoni. Haikuzi sana, mara 2 au 2.5 tu. Aliyelipigia debe wazo hili ni Jeff Cooper, Mmarekani, ofisa wa zamani wa Marine, aliyefungua shule ya kufundisha watu kulenga huko Arizona mwaka 1976. Mwaka 1983 aliwaita pale watu wa bunduki wakae wajadili bunduki ya skauti iweje. Iwe fupi, isizidi mita moja. Iwe nyepesi, kilo tatu hivi. Itumie risasi ya .308. Na darubini iwe mbele. Steyr ya Austria ikatengeneza yake mwishoni mwa miaka ya 1990, Ruger ya Marekani ikaja na yake 2011, na baada ya hapo kila kiwanda cha vioo kikawa na kitu kinachoitwa skauti.

Sifa zake naweza kuzisema nikiwa usingizini. Macho yote mawili yanabaki wazi, kwa hiyo unaona mnyama na unaona msitu. Sehemu ya katikati ya bunduki inabaki tupu, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja pale inapojisawazisha, na unaweza kupakia risasi kutoka juu bila kuzuiwa. Bunduki ikipiga teke, chuma hakikuchani nyusi. Unainua, unalenga, umepata. Haya si uongo. Ni ya kweli yote, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuandika.

Novemba mwaka jana bosi alinitumia barua pepe ya msomaji mmoja. Mzee wa miaka 67, wa Pennsylvania. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema amesoma makala yangu, yaani ya yule mtu mwenye pikapu na goti bovu, akanunua darubini, akaifunga kwenye bunduki yake ya siku nyingi. Jioni moja, jua limebakisha kidogo lizame, kulungu jike akatokea kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Jua lilikuwa mgongoni kwa mzee. Alipoinua bunduki kioo kikawa cheupe kama maziwa. Akasogeza kichwa, akapata picha, akaipoteza, akaipata tena, akafyatua. Risasi ikampiga mnyama tayani. Kulungu akakimbia na taya linaning'inia. Mzee alifuata damu mpaka giza likamzuia, akarudi kesho yake na kesho kutwa. Hakumpata. Kulungu wa hivyo haui na risasi, anauawa na njaa, siku kadhaa baadaye, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Swali lake lilikuwa moja. Wewe ulisema umeitumia sana saa za jioni. Huo mwangaza ulikuwa unaufanyaje?

Juu ya barua hiyo bosi alikuwa ameandika: mjibu kwa upole, maneno 100. Sikuwa na jibu la hata maneno matatu. Ile sentensi ya jioni niliiandika saa nane usiku, tokeni za stima zikiwa zimebaki nne, kwa sababu aya ilikuwa fupi na nilihitaji maneno arobaini zaidi.

Nilielewa shida yake kwa miwani yangu. Jaribu na wewe kama unavaa. Ukiwa umeivaa, kichwa chako kinafunika kioo, taa iliyo nyuma yako haikifikii vizuri. Sasa ivue, ishike mbele yako kama sentimita 25, taa ikiwa bado nyuma. Kioo kinaacha kukuonyesha ukuta na kinaanza kukuonyesha taa. Basi. Darubini ya kawaida inakingwa na uso wa mlengaji mwenyewe. Ya skauti imeachwa huko mbele, pengo lote kati ya jicho na kioo liko wazi, na jua likiwa mgongoni linaingia hapo. Hakuna kiwanda kinachoweza kuliondoa pengo hilo, kwa sababu pengo hilo ndilo darubini yenyewe. Halafu ule upana wa unachokiona. Kuchungulia kioo kidogo kilicho mbali na jicho ni kama kuchungulia tundu la ufunguo ukiwa umesimama hatua moja nyuma ya mlango. Na kwa kuwa haikuzi sana, mwanga ukififia huwezi kutofautisha tawi na pembe, bega na kivuli cha bega. Wanyama wengi wanaowindwa hutoka alfajiri na magharibi. Yaani kifaa kinakuacha saa ile ile uliyokinunulia.

Mashabiki wake watasema: sawa, lakini kasi je, na macho mawili je? Siku hizi kuna darubini za kawaida zinazoanzia mara 1 na kupanda mpaka 4 au 6. Ukiiweka kwenye 1 unaacha macho yote mawili wazi na unalenga upesi kama mtu wa Cooper, na jioni ikija unaizungusha unaona zaidi. Kioo kiko karibu na uso, jua halina pa kupita. Cooper alipokuwa akiwaza haya, darubini nzuri za aina hiyo hazikuwa kila mahali, kwa hiyo simlaumu sana. Naulaumu ushabiki uliobaki baada ya sababu kuisha. Na tena hata kuisogeza mbele hakukuanza na yeye. Wajerumani waliwafungia askari wao darubini ya mbele, ZF41, katika Vita vya Pili vya Dunia, ikikuza mara 1.5, na askari wengi hawakuipenda.

Hata hivyo sikutaka kubadilisha uongo wa kwanza kwa uongo wa pili, yaani kusifu kwa kusoma na kuponda kwa kusoma. Kwa hiyo Desemba nilipanda matatu hadi Naro Moru kumwona mzee mmoja, mjomba wa mama ya rafiki yangu, aliyestaafu kazi ya kulinda wanyama. Aliwahi kubeba bunduki msituni miaka mingi. Nikamkuta anagema ua. Nikamsalimia, nikakaa, chai ikaja, nikaanza.

"Guka, kama nyati anakujia, unamwangalia kwa darubini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyati akikujia, kijana, unamwangalia nyati."

Akachukua fimbo yake akanionyesha. Kitako begani, shavu chini, macho yote mawili wazi kabisa, akilenga mbuzi wa jirani. "Hili ni la huyu. Hili lingine ni la mwenzake, maana nyati haji peke yake." Nikamweleza habari ya darubini inayowekwa mbele. Alinisikiliza vizuri, kisha akageuka akatazama mlima. Ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu. "Ndovu wakitoka, wanatoka kule," akasema, akionyesha mashariki, msitu wa Mlima Kenya. Halafu akaonyesha kwa kidole gumba nyuma ya bega lake, kwenye Aberdare, jua likishuka. "Na hilo liko hapa." Hakuongeza kitu. Akarudi kwenye ua wake.

Kwa hiyo nampa Cooper haki yake: macho mawili. Lakini mzee wa Naro Moru alikuwa nayo macho mawili bila kununua kitu.

Sasa kwa nini inauzwa? Mimi ndiye muuzaji, nitawaambia. Inauzwa na jina. Ungeiita darubini ya mtutu, au darubini ya mbele, hakuna ambaye angeitaka. Iite skauti, na mtu mwenye kazi ya ofisini Ohio anajiona yuko peke yake mlimani, kimya, mwepesi, anasoma nyayo. Kila maelekezo niliyotumiwa yalisema neno hilo litokee angalau mara kumi na tano kwenye makala. Na kazi ya kumi na mbili ilitaka aya nzima ya historia: skauti ni nani?

Niliandika aya hiyo nikiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kaburi la Baden-Powell, na sikwenda. Nilinakili hapa na pale, nikatia jua linalochwea, nikatuma.

Nimekwenda baadaye. Yuko kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's. Alikuja kuishi Nyeri 1938, akajengewa nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akaiita Paxtu, akafa Januari 1941. Kwenye jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya wafuata nyayo inayosema nimekwenda nyumbani. Watoto wa skauti wanaletwa kuiona kutoka kila kona ya dunia, na hakuna ubaya. Lakini ukiwa na makala kumi na tisa za kulenga kichwani, duara lenye nukta katikati hulioni hivyo.

Hiki ndicho nilichokiacha kwenye aya yangu ya historia. Baden-Powell alijifunza uskauti huo, sehemu kubwa, katika milima ya Matobo, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mwaka 1896, wakati Wandebele walipoinuka dhidi ya kampuni ya Cecil Rhodes. Mwalimu wake mmoja alikuwa Mmarekani, Frederick Russell Burnham, skauti wa kulipwa. Mwaka huo huo Burnham aliingia pangoni na mwenzake akampiga risasi mtu waliyemwita Mlimo, waliyemdhani kiongozi wa kiroho wa uasi. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama huyo aliyeuawa alikuwa ndiye. Na Baden-Powell mwenyewe aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa ameshakamatwa, apigwe risasi. Uchunguzi ulifanywa, akaachwa huru bila lawama. Skauti, kwa hiyo, kabla hajawa mtoto mwenye skafu anayevusha bibi barabara, alikuwa mtu anayetangulia mbele ya jeshi kuwatafuta watu ili wafikiwe na risasi. Cooper hakuficha hili. Skauti wake ni yule yule wa kijeshi, mtu anayefanya kazi peke yake mbali na wenzake. Na alipoeleza bunduki hiyo inapaswa kufanya nini, alisema imwangushe kwa pigo moja kiumbe hai wa hadi kilo 200. Hakusema mnyama. Nyati dume wa Aberdare anapita kilo 600. Kiumbe wa chini ya kilo 200, mnaweza kujaza wenyewe.

Na sisi tuko Nyeri. Hapa neno kuwinda lina makovu yake. Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Dedan Kimathi, alitoa kitabu 1958 kikaitwa The Hunt for Kimathi. Kuwindwa. Waliomtafuta walijifanya wapiganaji wa msituni, wakavaa kama wao, wakanuka kama wao, wakasoma nyayo. Mbinu hiyo ya vikundi bandia ilikuja kufuatwa Rhodesia miaka ya 1970, na kikosi kilichoitumia huko kiliitwa, nadhani mmeshabahatisha, Selous Scouts, kwa jina la mwindaji Frederick Selous. Kimathi alipigwa risasi 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu na Ndirangu Mau, askari wa Tribal Police. Alikuwa amevaa ngozi ya chui. Akashtakiwa hapa hapa Nyeri, na kosa lililompeleka kwenye kitanzi cha Kamiti Februari 1957 lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Kumbuka hilo. Katika miaka ile Mwafrika akikutwa na risasi mfukoni angeweza kunyongwa, na hoteli ile ile ya Outspan ndiyo iliyokuwa ikipeleka wageni Treetops kuangalia wanyama, wakisindikizwa na mtu mwenye bunduki.

Bunduki walizokuwa nazo msituni wengi wao walizitengeneza. Guka wangu alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili kule upande wa Ihururu, na anakumbuka moja: bomba la maji, komeo la mlango, mpira wa tyubu ya baiskeli wa kurusha komeo mbele, na msumari. Ilikuwa haina kilengeo cha aina yoyote. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliochimbishwa mahandaki kwenye mpaka wa msitu, ili waliomo ndani wasipate chakula. Nilipomwambia guka ninachoandikia wazungu, hakukasirika, aliuliza tu wananilipa ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa ajili ya bei.

Najua mtu atasema natafuta ukoloni hata kwenye kioo. Kwa hiyo nimtaje Jim Corbett, ambaye amezikwa makaburi yale yale, na aliyeishi Paxtu baada ya Baden-Powell. Corbett alikuwa mwindaji wa kweli. Mwaka 1907, India, alimuua simbamarara jike wa Champawat, anayehesabiwa kuua watu 436. Hakuhitaji darubini. Alitumia vilengeo vya chuma vya kawaida, alisogea karibu mpaka akajua anachokipiga ni nini, na alipokuwa na wasiwasi hakupiga. Baadaye aliacha kuua kwa kujifurahisha, akabeba kamera. Simpendi Corbett kwa kila kitu, alihamia hapa kwa sababu zile zile zilizowaleta walowezi wengine. Lakini kama unatafuta somo la uwindaji Nyeri, liko kwake: sogea, hakikisha, au uache. Darubini ya mbele inauza kinyume chake. Inakuuzia upesi.

Rafiki yangu wa Karatina, anayeandika kwenye akaunti hiyo hiyo, aliniambia nimeanza kujipa umuhimu. "Buda, sisi tunauza maneno. Risasi wanauza wengine." Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu niliishi ndani yake miezi kumi na minne na ilikuwa na joto. Mzee wa Pennsylvania hakununua darubini kwa mtengenezaji, aliinunua kwangu. Mtengenezaji hakusema popote kwamba inafaa magharibi. Nenda usome maandishi yao ya kwenye boksi, ni waangalifu kama mawakili. Ni mimi niliyesema. Uongo ambao kampuni haiwezi kuutia sahihi unaletwa huku kwetu, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu, kwa kijana mwenye kodi ya kulipa, anauandika kwa nafsi ya kwanza, na ukilipuka hakuna mtu wa kumshika. Ndiyo maana tunalipwa. Kingereza tunachoandika wanacho tele kwao. Kinachokosekana ni mtu aliye tayari kusema nimeona wakati hajaona, kwa dola sita.

Na tusidanganyane kwamba hakuna njia nyingine ya kuandika habari za bunduki na wanyama kutoka hapa. Neno skauti liko hata kwenye sheria yetu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inawatambua skauti wa jamii, watu wa vijijini wanaosaidia kulinda wanyama. Nilitembea na wawili wao siku ile ya Naro Moru, kwa saa mbili hivi, kwenye ukingo wa msitu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na panga moja, simu moja, na gunia. Uwindaji wa hapa ni wa waya: jangili anakata waya, anaufunga kitanzi kwenye njia ya pongo au digidigi, anakwenda zake nyumbani kulala. Kazi ya skauti ni kuutafuta waya kwa macho, kwenye majani, na kuufungua kwa mkono. Walitoa kumi na mmoja. Mimi sikuona hata mmoja kabla hawajanionyesha, na kwa mmoja nilikuwa nimeshaweka mguu ndani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alisema tu, "Simama hapo hapo," akainama, akaufungua, akautia guniani. Nilijaribu kumuuzia bosi makala ya hao. Alisema ni nzuri lakini haina bidhaa.

Yule mzee nilimjibu mwenyewe, kwa anwani yangu. Nilimwambia sijawahi kushika bunduki, niko Kenya, ile ya jioni niliitunga, na kwamba kasoro aliyoiona si ya macho yake wala ya umri wake. Nilimweleza ya miwani. Alichukua wiki mbili. Alijibu kwa sentensi tatu, akasema asante, akasema ameivua, akasema mke wake ndiye aliyekuwa amemwambia tangu mwanzo yule mwandishi ana maneno mengi mno.

Mwenye akaunti alinitoa Januari, baada ya bosi kujua. Kodi ya Februari nimelipa kwa kuuza ile simu nzuri. Makala kumi na tisa bado ziko, bado zina yule baba aliyenifundisha kulenga, na sina uwezo wa kuzifuta kwa sababu hazijawahi kuwa zangu. Ya ishirini ya mfululizo ule imetangazwa wiki iliyopita, nimeona tangazo, maneno 1,500, darubini ya skauti kwa msimu ujao, na bei imeshuka hadi dola tano na nusu. Kuna mtu anayesoma hapa ataichukua, na siwezi kumwambia aiache, najua mwezi ulivyo. Ila atie sentensi moja katikati, pale aya ya nne au ya tano: jua likiwa mgongoni mwako hutaona kitu. Bosi hataitoa. Huwa hasomi zaidi ya aya ya pili.